Miche Mia Tatu Chumba cha Nyuma

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo ni leo, asemaye kesho mwongo! Nimeona tangazo kwenye geti la shule ya mtaani kwetu. Wanataka miche mia mbili ya nyanya kwa bustani ya wanafunzi. Mwalimu wa kilimo atapita mwenyewe nyumba kwa nyumba Jumamosi tarehe 22 kukagua. Atakayechaguliwa ndiye atakayeipelekea shule miche kila msimu. Kila msimu! Nimelibandua tangazo nikalitia mfukoni, lisije likasomwa na watu wasiohusika.

Nje mvua haikatiki. Mbegu ukiitupa uwanjani inaogelea. Basi nitapanda ndani, na chumba cha nyuma kipo. Kimepumzika tangu mradi wa sabuni (ilikataa kuganda) na mradi wa njiwa (walikubali kila kitu isipokuwa kurudi). Tangu kiwanda kilipofunga stoo niliyokuwa nikiitunza nimekuwa mtu wa mipango, na mtaa mzima unaniita hivyo hivyo, Mipango. Heshima haijifichi.

Nimemweleza mke wangu baada ya chai. Hakuinua kichwa. Yeye ni fundi nguo, na cherehani yake iko kwenye korido kwa kuwa chumba cha nyuma huwa na shughuli zangu. Kila anayekwenda jikoni humgonga kiwiko, na anakaa amejikunja mpaka mgongo unamuuma. Alisema anakitaka chumba kile. Alisema amekitaka miaka minne sasa. Nikamwomba wiki tatu tu, za mwisho.

Tumeandikiana kwenye kalenda ya ukutani. Tarehe 22 nikitoa miche mia mbili, chumba ni changu moja kwa moja na hakuna atakayenisumbua tena. Nikishindwa, cherehani inaingia chumbani na miradi yangu haitii mguu humo milele. Nimetia sahihi. Na yeye ametia sahihi, upesi kuliko nilivyopenda.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Vipimo naye anapanda!

Huyu ni jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu, hapa ghorofa ya pili. Mzee mstaafu wa maabara ya hospitali. Hupima kila kitu. Sukari ya chai huisawazisha kijikoni kwa kisu. Kumbe tangazo alilisoma jana alfajiri kabla sijalibandua, na akalinakili! Mtu gani hunakili tangazo?

Nimemkuta jikoni kwake mlango wazi, anapika udongo. Udongo! Kwenye sufuria kuukuu, umefunikwa, mvuke unatoka. Akaniambia kwa upole wake ule wa kuudhi kwamba udongo wa nje unabeba vijidudu vya ukungu, na mvuke unaviua kabla mbegu haijaingia. Halafu huuacha upoe, huuchanganya na mchanga ili maji yasituame. Trei zake amezisugua kwa sabuni na maji ya moto. Zote zina matundu chini.

Nimerudi kwangu nikicheka peke yangu ngazini. Mimi nimechimba wangu nyuma ya jengo, pale mapipa ya taka yanapovujia. Mweusi, mzito, unanata kama ugali. Udongo wenye afya hauhitaji hospitali. Nimeujaza kwenye trei tisa za mayai, zile za karatasi, kila moja mashimo thelathini. Hizo ni mbegu mia mbili na sabini. Zimeenea meza nzima na nusu ya sakafu.

Zikabaki mbegu thelathini bila trei. Mke wangu akazichukua. Akatoboa vikopo vya mtindi chini kwa sindano ya magunia, na Vipimo akampa bakuli la udongo wake uliopikwa. Nilimweleza kwa upendo kwamba kikopo chenye matundu kinavuja. Alisema ndiyo. Amevipanga dirishani pembeni ya cherehani. Sikubishana, za kufanyia mchezo nazo lazima ziwepo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Ratiba ya maji iko tayari, nimeibandika mlangoni: asubuhi, mchana, jioni. Birika zima kila mara. Mbegu ni mtoto mchanga, hanyonyeshwi mara moja kwa siku.

Kila trei nimeivisha mfuko wa nailoni na kuufunga kwa uzi. Dirisha nimeliziba kwa magazeti na gundi, kwa sababu mbili: joto lisitoke, na Vipimo asichungulie. Yeye anakaa upande wa pili wa jengo na dirisha langu linatazama ukuta, lakini mtu wa aina ile huwezi kumjua.

Halafu nikapata wazo jingine. Beseni la maji yanayochemka katikati ya chumba! Kwa dakika kumi chumba kikajaa mvuke, kuta zikatoka jasho, miwani yangu ikapofuka. Nikasimama humo nikihisi mimi mwenyewe naota. Mke wangu alibisha hodi, akaniomba niangalie kabati la humo ndani, maana majoho ya kwaya yamo. Ana majoho ishirini na manne, meupe, ya kukabidhi tarehe 16. Ameyahifadhi mle kwa kukosa pengine. Nikamwambia kabati lina mlango.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Yamekwisha! Nimewashinda wote!

Asubuhi nimefungua nailoni ya trei ya kwanza nikaona udongo umefunikwa na manyoya meupe, laini, mororo, mithili ya pamba. Mizizi! Siku tatu tu na mizizi imeshapanda juu kutafuta pa kwenda! Trei saba kati ya tisa zimeota manyoya. Nimekwenda korido nikavitazama vikopo vya mke wangu. Udongo mtupu. Nimempa pole.

Mchana nimepita duka la chini na kwa kinyozi nikitangaza. Kinyozi aliuliza mizizi inatokaje juu badala ya chini. Nikamwambia hayo ndiyo maendeleo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Habari zimemfikia Vipimo. Amekuja na miwani mbili, moja puani na moja mkononi. Nilimruhusu kuingia hatua moja tu. Alinusa. Akatazama kuta. Akatazama trei moja kwa muda wa mtu anayesoma barua ya msiba. Akasema ni ukungu.

Ati ukungu! Akanipa mhadhara pale pale mlangoni. Kwamba maji yamezidi. Kwamba trei ya karatasi hulowa ikakaa imelowa, na ukungu unaila karatasi yenyewe. Kwamba mbegu ikishaota ya kwanza tu, nailoni iondoke. Kwamba dirisha lifunguliwe, hewa ipite, ikiwezekana feni ndogo ipulize kwa mbali. Kwamba nisimwagie juu. Niweke trei yenye matundu ndani ya sahani ya maji, udongo unywe kutoka chini kwa nusu saa, kisha nimwage yaliyobaki. Na nisirudie mpaka nikigusa udongo kwa kidole nione juu pamekauka.

Nilimsikiliza kwa adabu zote, ni mzee. Lakini nikawaza: huyu ni mshindani wangu. Mshindani wako akikwambia fungua dirisha, wewe unafanya nini? Unatafuta gundi. Nimeongeza tabaka la pili la magazeti.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

ZIMEOTA!

Nimehesabu mara tatu. Mia mbili na kumi na mbili! Vishingo vyeupe, majani mawili mawili kila kimoja, vimesimama katikati ya manyoya kwa ushujaa. Zimezidi mia mbili! Chumba changu! Nimemkumbatia mke wangu pale pale kwenye cherehani, akashona mshono wa kombo, na hata hivyo akacheka. Muda mrefu sijamwona akicheka kwa ajili ya jambo langu. Nikaahidi nikishapata chumba moja kwa moja, nitamnunulia mto wa mgongo. Akaacha kucheka.

Vyake vimeota ishirini na sita. Kwa vikopo si haba.

Nimegonga kwa Vipimo kumjulisha. Alinipongeza! Akanishika mkono akasema sasa ndiyo wakati wenyewe, niondoe nailoni leo hii, maana mche mchanga ukifungiwa na unyevu hushikwa na ugonjwa uitwao kinyausi, unaoza shingoni na kulala. Nilimtazama machoni. Macho ya upole kabisa. Wivu unajua kujipaka poda.

Nimeongeza nailoni ya pili juu ya ile ya kwanza. Maji nayo nimeongeza, sasa kuna vinywa mia mbili na kumi na viwili.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Baadhi ya miche imelala. Arobaini hivi. Nadhani ni uchovu, kuota si kazi ndogo. Nimewaacha wapumzike, nimewapa maji wakiamka wayakute.

Jioni. Hawajaamka. Waliolala sasa ni sabini na nne. Mke wangu alichungulia akasema wamekufa. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, huku ameshika sindano mdomoni. Nikamwambia asiwatabirie. Nimenunua pakiti mbili za vijiti vya kuchokolea meno, nimewasimamisha mmoja mmoja na kuwafunga kwa uzi wa cherehani. Saa tatu na nusu za kazi. Ukiwatazama kwa mbali wako hai.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Wamelala na vijiti vyao.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Sitaki kuandika ya leo lakini nitaandika.

Asubuhi mke wangu alikwenda kwenye kabati kuchukua majoho ayapige pasi ya mwisho. Nikasikia mlango wa kabati. Nilikaa nikingoja anipigie kelele, na kelele haikuja. Nikaenda mwenyewe.

Alikuwa ameketi sakafuni katikati ya trei zangu, majoho mapajani. Kola zina vidoa vya kijivu. Mikono ina vidoa. Harufu ya chumba imo ndani ya kitambaa. Majoho kumi na moja kati ya ishirini na manne. Ameyashona usiku na mchana kwa mwezi na nusu, kiwiko kikigongwa. Alisema kitu kimoja tu. Alisema watu wa kwaya walimchagua yeye kwa sababu kazi yake ni safi.

Niliona aibu. Kweli kabisa, aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nimekwenda sokoni na mvua ile ile nikarudi na ndimu fuko zima. Tumesugua kila kidoa kwa ndimu na chumvi, yeye kola, mimi mikono. Tumeyatundika korido, feni yake ndogo ikipuliza. Mimi nimepiga pasi mpaka kiganja kimefanya lengelenge. Kufikia jioni tisa yalikuwa meupe kabisa. Mawili alikata mikono akashona mipya, kitambaa kilibaki kidogo tu, kimetosha kwa kuombea.

Nimemwambia nisamehe. Akasema tarehe 22 si mbali.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Majoho yamekabidhiwa jana, kwaya wamefurahi, mimi nimepumua. Sasa kazi.

Waliosimama: sitini na tatu. Bado siku tano. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nimefikiri kisayansi. Tatizo ni unyevu, nakubali, siyo mbishi mimi. Mtoto akilowa anapakwa nini? Poda! Nimechukua kopo la poda nikawanyunyizia wote, trei tisa, mpaka kopo likaisha. Chumba kinanukia vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Saa nane mchana. Kuna kasoro. Poda ni nyeupe, ukungu ni mweupe. Sijui tena kipi ni kipi.

Jioni. Nilisahau nikawapa maji ya ratiba. Poda imekuwa uji. Uji umewashika miguu.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Arobaini na mmoja. Nimeamua kufanya upelelezi.

Vipimo alikuwa anakwenda kliniki kupimwa presha (hata likizo yake ni kupima). Nikajitolea kumwangalizia nyumba. Akanipa ufunguo bila wasiwasi wowote, jambo lililonivunja moyo kidogo. Nimeingia. Trei zake ziko mezani karibu na dirisha. Dirisha wazi! Feni inageuka taratibu. Miche yake ni mifupi, minene, kijani cha kuiva, inatikisika tikisika na upepo kama watoto mstarini. Nimeihesabu: mia na themanini. Haifiki mia mbili! Moyo ukaruka.

Nikagusa udongo. Mkavu juu! Mkavu! Mzee anawaua kwa kiu, masikini ya Mungu. Nikaona nimalize jambo. Nikachukua birika lake nikawamwagia wote, trei baada ya trei, birika sita. Nikarudi kwangu na kungoja waanze kulala.

Alirudi saa saba. Akagonga. Nikafungua nikiwa nimeuvaa uso wa mshangao. Alikuja kunishukuru! Eti leo ndiyo ilikuwa siku yao ya maji, na alikuwa akiwaza atachelewa. Eti yaliyozidi yametoka yote kwa matundu ya chini, ameyamwaga, na feni inamalizia. Ameniletea papai.

Papai lilikuwa tamu. Nimelila kwa hasira.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Kumi na mmoja. Kati yao mmoja sina uhakika, huenda ni kijiti.

Kesho mwalimu anakuja. Mke wangu amechukua futi yake ya kushonea akapima mlango wa chumba cha nyuma, kisha akapima cherehani. Akaandika namba kwenye karatasi. Chumba changu kinapimwa nikiwa hai!

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Nimekwenda sokoni kwa mama wa mboga nikachukua mafungu manane ya giligilani changa. Majani yana meno meno, shina jembamba, ukikodoa macho kidogo ni nyanya tupu. Nimewachomeka mmoja mmoja kwenye trei, mia mbili kamili, mistari imenyooka. Nimewamwagia maji mengi wasinyauke mpaka asubuhi, nikafunga nailoni. Mama wa mboga aliuliza nina shughuli ya kulisha watu wangapi.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Mwalimu wa kilimo ni mwanamke mfupi, viatu vya mpira, kucha zina udongo. Niliona kucha zile nikajua siku imekuwa ngumu.

Alianza kwangu. Nimemkaribisha, nikamwonya kwamba miche yangu haipendi mwanga na itafaa aitazame kutoka mlangoni. Akaingia moja kwa moja. Akabandua magazeti ya dirisha mara moja, kwa mkono mmoja. Mwanga ukaingia na kila kitu kikaonekana: kuta zina ramani nyeusi mpaka darini, trei zimelegea kama mkate uliotumbukia chai, na giligilani zangu zimelala zote upande mmoja. Akachomoa mmoja. Hauna mzizi. Akaunusa. Akaniuliza, bila kucheka hata kidogo, kama nyanya hizi nimezipanda pamoja na mchuzi wake.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Aligeuka upande wa pili, mabega yanatikisika. Vipimo alikuwa nyuma yake na yeye akakohoa kwa muda mrefu mno.

Wakavuka kwa Vipimo. Mwalimu akashika miche, akageuza majani, akasema hii ndiyo miche. Akahesabu. Mia na themanini. Anataka mia mbili, madarasa manne, hamsini kila darasa, pungufu hawezi. Nikasikia tumaini linarudi, nikakaribia kusema tugawane, zangu kumi na moja ni za kweli! Hapo macho yake yakapita mlango wetu uliobaki wazi, yakatua koridoni, dirishani, pembeni ya cherehani.

Vikopo vya mtindi. Miche ishirini na sita, imara, wala haina doa.

Mwalimu alimwuliza mke wangu amefanyaje. Akasema hana siri. Akishona anawasha feni, kwa hiyo upepo unawapitia. Maji huwapa akikumbuka, na hukumbuka udongo ukikauka, maana kikopo kikishakuwa chepesi mkononi anajua. Basi. Mwalimu akasema hivyo ndivyo. Shule imechukua mia na themanini ya Vipimo na ishirini ya mke wangu, na kila msimu watakuwa wakileta wote wawili. Majina yao yameandikwa daftarini. Langu ameliuliza pia, kwa udadisi tu.

Mchana nimeibeba cherehani mwenyewe. Ahadi ni deni. Nimesugua kuta, nimetupa trei, nimefungua dirisha mpaka mwisho wake. Mke wangu aliweka kiti, akakaa, akanyoosha mkono wa kulia. Haukugonga kitu. Akanyoosha wa kushoto. Akabaki hivyo, mikono imenyooka pande zote mbili, macho amefumba. Nikajua miaka minne ni mingi. Nilimwambia hivyo. Akaniambia nimletee chai, na kwamba nibishe hodi kwanza.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Sikupata usingizi mzuri, nilikuwa nafikiri. Na nimeelewa!

Wote wanasema hewa, wote wanasema maji kidogo. Porojo! Mtu mwenye akili huangalia ushahidi. Trei zangu tisa zilikuwa chumbani, kimya. Vikopo vya mke wangu vilikuwa shubiri moja kutoka kwenye nini? Kutoka kwenye CHEREHANI! Siku nzima vikisikia trrr, trrr, trrr. Miche inapenda mtikisiko wa sauti! Inasimama kwa kusikiliza! Na kwa Vipimo? Feni inavuma, na redio haizimwi! Kila kitu kinaingiliana. Mwalimu mzima na kucha zake, hakuliona hilo.

Asubuhi nimebisha hodi (nimejifunza), nimeketi karibu na mke wangu na kurekodi cherehani kwenye simu kwa dakika arobaini. Alifikiri nimekuja kumtazama akishona. Alifurahi, akanishonea kifungo cha shati. Sikutaka kumharibia.

Safari hii ni pilipili hoho. Mbegu mia tatu. Chumba cha nyuma nimekatazwa, sawa, mimi mtu wa neno langu. Lakini kabati lile kubwa limehamishiwa chumbani kwetu, na tangu majoho yaende ni tupu, isipokuwa suti yangu ya harusi. Hakuna mkataba wa kabati. Nimepanga trei kumi za mayai humo, simu juu ya rafu, sauti mwisho, mlango nimeufunga na kuziba mianya yote kwa gundi sauti isivuje nje.

Vipimo alinikuta ngazini na mfuko wa udongo. Akauliza kwa upole kama hilo kabati lina tundu la hewa. Nimempa pole kimoyomoyo, mzee hataacha.

Maji sasa ni mara nne kwa siku, maana kelele hukausha koo. Na suti ya harusi nimeitandaza juu ya trei iwape joto. Haina neno, ni nzito ile, ukungu hauipati.